Maziwa ya Mbuzi Bubu

Tulikuwa tumeshaiacha milima ya kituo cha utafiti nyuma yetu, na kundi limeshazoea mwendo, ndipo nilipomwona mbuzi aliyevaa hereni mbili.

Nimeswaga mifugo tangu sijaota ndevu, ya watu na ya serikali, mnada hadi mnada, lakini kundi kama lile sijapata kuliona. Mbuzi wa kawaida akiwa safarini ni kelele tupu. Atapiga chafya kwa vumbi, atakohoa, kamasi zitamtoka. Hawa walikwenda kimya. Nzi waliwaganda pembeni mwa macho na macho hayakutoa chozi. Mmoja alichomwa begani na mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, akatembea nao mpaka nilipouona mwenyewe kesho yake. Nikauchomoa. Hapakuwa na usaha, wala uvimbe, wala joto. Tundu tu, kavu, kama la msumari kwenye ubao. Nilimwachia nikafuta mkono kwenye suruali, kisha nikaufuta tena.

Kituoni waliwaita mbuzi bubu.

Malori ya kuwahamishia yalishindikana. Vijiji vya barabarani viliapa kwamba gari la kituo likipita litapigwa mawe, basi Daktari Atuganile akaamua tupite nyikani, tukate mbuga ya Wembere hadi relini, ambako mabehewa yaliyozibwa yalikuwa yanasubiri. Tulikuwa watu watatu: yeye daktari, mimi mswagaji wa kukodiwa, na Masunga, aliyewachunga mbuzi hao tangu walipozaliwa. Juu yetu droni ilizunguka kama mwewe, ikizisoma hereni za masikioni. Kila asubuhi ilitoa taarifa kwamba kundi limetimia.

"Masunga," niliita. "Huyu wako anakwenda harusini?"

"Yupi?"

"Huyu aliyejipamba. Hereni sikio la kulia, hereni sikio la kushoto."

Masunga ni rika langu, na kwa kawaida nikimrushia neno ananirushia mawili. Safari hii hakugeuka hata shingo. Daktari, aliyekuwa mbele, ndiye aliyegeuka. Alirudi mbio katikati ya mbuzi, akamshika yule aliyejipamba kwa pembe, akasoma hereni moja, akasoma ya pili.

"Hii ni ya nani?"

Masunga alivua kofia. "Ya yule jike mweupe mwenye doa shingoni."

"Na yeye yuko wapi?"

"Nimemweka kwa rafiki."

"Umemuuza!"

"Daktari, usinitukane. Nimesema nimemweka." Akaikunja kofia mkononi. "Mtu hakai na mali yake yote ndani ya ua mmoja. Ugonjwa ukiingia, au mafuriko, au wezi, unabaki na nini? Unampa rafiki jike mmoja. Anachunga, anakunywa maziwa, akizaa mnagawana. Kwako kukiteketea, unayo mbegu. Baba alifanya hivyo, na babu. Nyinyi mlikuwa na mbuzi wote mahali pamoja. Nilikuwa nawaonea aibu."

"Hawakuwa wako!"

"Ndiyo maana nilimweka kwa mtu mwema. Wangu ningemweka kwa yeyote."

Ningecheka, lakini uso wa daktari ulikuwa umepauka. "Lini?"

"Kabla ya masika."

Masika yalikuwa yamekwisha. Nyasi zilikuwa zimeshaanza kuwa rangi ya mkate.

"Kwa nani?"

Masunga hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. "Kwa mjane wa Lugodisha," alisema.

Mjane wa Lugodisha ni Ng'walu, dada yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa.

*

Tulimwacha Masunga na kundi ndani ya boma la miiba karibu na mto, droni ikiwa mlinzi juu yake, tukarudi daktari na mimi kwa miguu. Daktari Atuganile alikuwa mwanamke wa Rungwe, mfupi, mwenye mwendo wa watu wa milimani. Tambarare ilimchosha kuliko kilima.  Njiani alianza kueleza, bila kuulizwa, kama mtu anayejitetea barazani.

"Mzee Machibya, ndani ya kila mnyama kuna kipande cha vinasaba kinachofanya kazi ya bawabu. Panya anacho, sungura anacho, wewe unacho. Hicho ndicho kinachosema huyu wangu, huyu mgeni, na huyu mgeni tumfanye nini. Ukichukua panya wawili wa koo mbili ukawadunga kitu kilekile, mwili wa mmoja unainuka kupigana na wa mwenzake haushtuki kabisa. Amezaliwa hivyo. Hilo lilijulikana zamani sana. Sisi tulichoongeza ni lango. Bawabu tunamfungia, tunamfungulia, tunavyotaka."

"Mkimfungia?"

"Mwili haukatai kitu. Mbuzi wale tuliwawekea figo za nguruwe, zikafanya kazi kama walizaliwa nazo. Na maziwa yao yanabeba kile kinachofunga lango. Hayo ndiyo tuliyoyatafuta. Mtu aliyewekewa figo ya mwenzake anywe kikombe, mwili wake usiitapike." Alisimama, akapangusa jasho. "Kikombe, mzee. Ndani ya chumba ambacho hata hewa yake inachujwa."

"Kwa nini ichujwe?"

"Kwa sababu mwili usiokataa figo haukatai na ugonjwa. Unaukaribisha, unaukalisha. Hapana homa, hapana kikohozi. Magonjwa mengi ya kifua, kinachomuua mtu ni yale mapigano. Pasipo mapigano mdudu anakaa kwa raha, anazaana, anatoka na pumzi. Aliyekunywa yeye hajui lolote. Anajisikia mzima kuliko siku zote."

Nilimuuliza kama maziwa hayo yangemfaa mtu wa baridi yabisi. Alinitazama vizuri.

"Baridi yabisi ni mwili kujipiga wenyewe," alisema. "Ndiyo. Yangemfaa sana. Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya Ng'walu. Mikono yake ilianza kufunga mwaka aliofiwa na mume, kidole baada ya kidole, mpaka ikawa kama kucha za ndege aliyekufa. Kwetu, mwanamke akienda msibani huenda na mchi. Mashine ya kusaga haiwashwi penye maiti, kelele zake ni dharau, basi wanawake wa jirani hukusanyika wakatwanga mtama kwa zamu mpaka waombolezaji wale washibe. Asiyetwanga amekwenda kula tu. Ng'walu alikwenda miaka yote hiyo, akakaa na watoto upande wa moshi. Hakuna aliyemtukana. Wanawake walimpa bakuli lake na kumpisha, basi, na yeye alirudi nyumbani akalia kwa ajili hiyo kuliko kwa ajili ya aliyezikwa.

 Tulikwenda.

*

Nchi niliyoiacha ikiwa na mifugo niliikuta tupu. Zizi la kwanza lilikuwa wazi na mbwa mmoja amelala mlangoni mwake, hana cha kulinda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi bichi lililofunikwa matawi ya miiba kuzuia fisi. Kaya ya pili, makaburi mawili. Hata mahali pasipokuwa na mtu nje nilisikia kikohozi kikitoka ndani, kirefu, kikavu, halafu kimya, halafu kingine katika chumba kingine, kama watu wanaoitikiana.

Kila tulipoulizwa tuendako, tulijibiwa kwa sifa.

"Kwa Ng'walu? Yule mama Mungu amemfungua mikono! Alikuwa hapa kwa mzee wetu, alitwanga mpaka tukamnyang'anya mchi."

"Ng'walu hakosi msiba siku hizi. Hata kwa watu asiowajua anakwenda. Anasema ana deni la miaka."

Nilijikuta natembea polepole. Kwenye kaya iliyofuata nilimuuliza mama mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayepitisha muda: kikohozi hiki kiliingia vipi hapa kwenu?

"Kiliingia na marehemu, baba. Alikuwa nacho yeye peke yake, alikitoa mnadani. Sisi wengine tulianza baada ya matanga." Akakohoa, akacheka kidogo, akajishika ubavu. "Utadhani alitugawia urithi."

"Na Ng'walu alikuja?"

"Alikuja! Alilala hapa mpaka tukavunja matanga. Alikuwa mzima kama chuma, ndiye aliyetuuguza."

Tulipotoka uani daktari alikuwa ameshika mkanda wa kibegi chake kwa mikono miwili. "Usiulize tena," aliniambia. "Nimeshaelewa. Usiulize nyumba nyingine."

Nami nilikuwa nimeshaelewa. Mstari wa makaburi tulioufuata ulikuwa njia ya dada yangu.

*

Kabla ya kuingia daktari alinionya nisinywe kitu. Halafu akaenda moja kwa moja zizini. Mbuzi mweupe alikuwa amesimama peke yake katikati ya zizi kubwa, akicheua. Wenzake wote walikuwa wamekufa kwa sotoka, tauni ya mbuzi. Ng'walu mwenyewe alinisimulia baadaye, kwa mshangao, jinsi walivyokufa wakimzunguka naye hakupata hata kuharisha.

"Kaka!" Alitoka jikoni akikimbia. Alinishika mikono yote miwili, akaibana. Sikuwa nimebanwa na mikono ile tangu tukiwa vijana. "Tazama! Tazama, we mzururaji! Unakuja bila kusema, huna hata kilo ya sukari, lakini leo sikugombi."

Daktari alikuwa ameshatoka zizini kwenda kunawa nyuma ya nyumba. Ng'walu alinikalisha kwenye kigoda. Akachukua kibuyu, akaenda kumkamua yule mbuzi mbele ya macho yangu. Niliviangalia vidole vyake vikifanya kazi kimoja kimoja, vyembamba, vikijua njia. Mwanambuzi dume aliyezaliwa na mbuzi huyo, alisema, alimpeleka msibani kwa mzee fulani akachinjwa. Aliona haya kwenda mikono mitupu wakati mikono ameipata.

Akarudi, akaninyooshea kibuyu.

"Daktari amesema nisinywe kitu," nilisema.

"Daktari ni nani kwako? Wewe hujanywa kitu kilichotoka mkononi mwangu tangu afe Lugodisha, kwa sababu mkono wenyewe haukuwapo. Kunywa."

Naweza kusema kiu. Naweza kusema heshima. Ninachokumbuka ni kwamba alisimama pale, kibuyu hakitetemeki, na alikuwa anangoja niseme kwamba ni matamu. Nikanywa chote. Nikasema ni matamu.

Daktari alisimama mlangoni. Hakupiga kelele. Aliangalia kibuyu, akaniangalia mimi.

"Basi na wewe huondoki tena," alisema.

Asubuhi niliamka nimelala nje ya chandarua. Mbu walikuwa wamenila usiku kucha. Niliona vidoa vyekundu vya damu yangu kwenye shuka. Nilijipapasa mikono, shingo, nyuma ya masikio. Hapakuwa na uvimbe hata mmoja. Hapakuwasha. Nilikaa pale ukingoni mwa kitanda nikijikuna mahali pasipowasha, kwa kutaka tu kuhisi kitu.

*

Daktari alikuwa amempima Ng'walu kwa pumzi, kwa kifaa chake kidogo, akimwambia ni uchunguzi wa watu wote wa eneo lile. Alinivuta nyuma ya ghala.

"Amejaa," alisema. "Kikohozi hicho anacho, na magonjwa mengine mawili ambayo hata hayajaanza kuua hapa. Agizo nililonalo ni moja: mnyama aliyetoka achinjwe na achomwe palepale."

"Na Ng'walu?"

"Akikosa maziwa ghafla, lango linafunguka. Mwili wake utaamka ukute nyumba imejaa wageni, na utapigana na wote kwa mpigo. Sijaona panya aliyevuka hapo."

"Akipunguziwa kidogo kidogo?"

"Panya wengine walivuka. Lakini lazima awe ndani ya ua, miezi, na wewe pia. Haingii mtu, hatoki mtu. Haendi msibani."

"Sasa ugumu uko wapi? Mwambie akae."

"Atauliza kwa nini." Aliliegemea ghala, akafumba macho. "Mimi sina mdomo wa kumwambia kwamba alikwenda kuwalilia watu akawaachia kifo. Nimejaribu maneno tangu jana, sina. Nikimchinja mbuzi sasa hivi, nitasema ni sotoka. Homa ikimpata atadhani ni ugonjwa wa mwaka huu kama wengine. Atazikwa na watu wote hawa wanaompenda, mikono yake ikiwa wazi. Hatajua."

"Hiyo ndiyo huruma ya kituoni kwenu?"

"Ndiyo niliyobaki nayo, mzee. Kama wewe unayo nyingine, toa."

Alikuwa na kisu kidogo cha kazi mkononi, cha upasuaji, bado kimo kwenye ala yake. Nilikitazama. Nitasema kweli, nilikiona kuwa njia nyepesi. Ng'walu alikuwa anaimba jikoni.

Hapo ndipo tuliposikia mtu akibisha mbele kwa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, mama."

Alikuwa Nkamba, jirani wa mtaa wa pili, mwanamke kijana aliyezika mtoto wake mwanzoni mwa kiangazi. Alisimama nje ya lango, kanga mabegani, akikohoa ndani ya upindo wake. Mama mkwe wake alikuwa amefariki alfajiri. Alikuja kuomba mikono.

"Maskini, maskini mwanangu," Ng'walu alisema. "Huyo tena! Ngoja, nakuja nawe sasa hivi." Akaingia, akatoka na mchi wake begani. Mchi wenyewe ulikuwa mpya, wa mninga, aliouchongesha baada ya kupona.

Daktari alinitazama. Hakutikisa kichwa wala hakuinua mkono. Aliniachia.

Nikatangulia langoni, nikasimama katikati.

"Ng'walu, usiende."

"Nipishe, kaka. Maiti haisubiri."

"Kikohozi unacho wewe."

Alicheka. "Mimi? Umenisikia nikikohoa?"

"Hukohoi kwa sababu ya maziwa. Yule mbuzi ametengenezwa asiumwe. Maziwa yake yanakufanya na wewe usiumwe. Lakini ugonjwa umo, unaubeba, na ukikaa na watu unawapa." Nilisema hivyo hivyo, kavu, kwa sababu ningelizungusha nisingefika. "Kila msiba uliokwenda, watu waliugua baada yako. Tumepita huko, nimeuliza. Ni njia yako, Ng'walu. Tulikuwa tunakufuata wewe."

Alimgeukia daktari. Daktari alisema, "Ni kweli, mama. Sisi ndio tuliomtengeneza. Ni kweli."

Mchi ulibaki begani. Niliona midomo yake ikienda bila sauti, na nikajua anapita nyumba hadi nyumba, kwa mpangilio, alipotwanga, alipopika, alipolala.

Nkamba ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulimpakata."

Nkamba alilishika lango.

"Siku ya kumzika mzee Malale. Nilikuwa nimechoka. Ulisema nipe, lala. Ulimpakata mwanangu mchana kutwa."

"Ndiyo," Ng'walu alisema. "Nilimpakata."

Walitazamana juu ya lango lile la vijiti.  Kuku walipita. Nilitaka mmoja wa wanawake wale apige ukelele, na hakuna aliyepiga.

Ng'walu akaushusha mchi. Akaulaza kwenye kizingiti cha lango, upande huu hadi upande ule, kama mtu anayefunga njia ya ng'ombe. Akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Daktari, nikichinjiwa yule mbuzi leo?"

"Utakufa, mama. Ni karibu hakika."

"Nikikaa?"

"Huenda ukaishi. Lakini mikono itafunga."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama viganjani, akaitazama mgongoni.

"Nikifa leo, watakuja kunizika," alisema. "Watajaa hapa. Watakaa na huyu kaka yangu aliyekunywa, na watalala kwenye mikeka yangu." Akamwambia Nkamba, "Rudi nyuma, mwanangu, usinisogelee. Kawaambie Ng'walu hatoki. Waambie kwa nini. Usiwaambie kwa upole."

Nkamba aliondoka. Nilimsikia akikohoa mpaka mbali.

*

Daktari Atuganile hakulitii agizo lake. Aliita droni, ikashusha dawa za kifua kaya kwa kaya kwa wiki nyingi, na wengi waliokuwa wameanza kukohoa walipona. Waliozikwa walikuwa wameshazikwa. Kuhusu mbuzi aliwaandikia wakubwa kwamba amechinjwa. Baadaye wakubwa waligundua, wakamhamisha daktari. Dawa ya kufunga lango ilimalizwa kutengenezwa na watu wengine. Sasa iko hospitalini, ya vidonge, na nasikia watu waliowekewa figo na maini wanaishi kwayo hadi uzee.

Masunga aliwafikisha mbuzi relini peke yake. Walipakiwa kwenye mabehewa, na mabehewa yalichomwa kwa amri ya wakubwa kabla hayajaondoka. Masunga alifukuzwa kazi. Ana mbuzi wake mwenyewe siku hizi, wa kawaida, wenye kelele, na wengine amewaweka kwa rafiki.

Ng'walu na mimi tulikaa ndani ya ua. Nilimkamua yule mbuzi mimi, nikampimia dada yangu: kibuyu, kisha kikombe, kisha nusu, kisha kijiko. Mimi sikuhitaji kupimiwa kwa kuwa nilikunywa mara moja tu. Homa yangu ilikuja ikanitetemesha siku kadhaa, nikashukuru. Yake ilikuja tulipofika kwenye kijiko, ikamweka chini muda mrefu, na alikuwa akizungumza na watu waliokufa, akiwauliza kama wameshiba. Alivuka. Daktari alikuja akampima pumzi akasema ni safi. Siku hiyo nilimchinja mbuzi mweupe na kumchoma na ngozi yake. Hakupiga kelele.

Vidole vya Ng'walu vilianza kufunga kabla ya mvua za kwanza.

Watu walijua. Wengine walisema hakukusudia, na wengine walipita mbali na ua wetu. Hakuitwa tena kwenye msiba wowote, na yeye hakwenda. Ikisikika michi ikitwanga upande fulani wa kijiji, alikaa mlangoni akasikiliza mpaka iishe. Aliishi hivyo miaka kadhaa. Alifariki kwa moyo, mchana, akiwa amekaa.

Nilichimba kaburi na Masunga, aliyekuja kwa miguu. Nilidhani tutamzika wawili. Tulipokuwa tunarudishia udongo tulisikia mtu anatwanga. Alikuwa Nkamba, peke yake, uani, amekitafuta kinu mwenyewe. Hakunisalimu, wala sikumsemesha. Alitwanga mtama wa kutosha watu watatu, akaupika, akatupakulia, akala kidogo. Alipomaliza aliuchukua ule mchi wa mninga akaondoka nao. Hakuniomba, na mimi sikumwita arudishe.

Mimi niko hapahapa. Sijaswaga tena.